Upinde wa Shangazi

Nyani wa majabali ya kwetu hawakumwogopa shangazi. Nilipofika likizo, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilikuta jambo hilo limekwisha kuwa la kawaida kijiji kizima. Wakimwona mwanamume, hata mwenye fimbo tu, nyani hupanda mawe. Wakimwona mwanamke, wanaendelea kula. Watu walinieleza hivyo bila kushangaa, kama vile wananielekeza njia ya kisimani.

Mimi nilikataa. Nilikuwa nasomea fizikia na hisabati, na nilikuwa na tabia ya kukataa kwanza halafu kuuliza. Nilimwambia shangazi kwamba pengine wanaume hulinda mashamba yaliyo mbali na mawe, wanawake wakabaki na yaliyo karibu, kwa hiyo tofauti inaletwa na umbali, si na mwanamke.

"Basi njoo upime," alisema.

Shamba lake ndilo lililokuwa karibu na mawe kuliko yote. Kijiji chetu kipya kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kinampanda, nyumba zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, na mashamba yaligawiwa na maofisa waliokuja na kamba ya kupimia. Waliangalia udongo, na udongo wa pale ulikuwa mzuri kweli. Mawe hawakuyaangalia. Shangazi alikuwa amefiwa na mumewe miezi michache kabla ya watu kuhamishwa, binti zake wawili walikuwa wameolewa Ulemo, na siku ya kugawa mashamba hakuwa na wa kumsemea. Baba, ambaye ni kaka yake, alipewa shamba upande wa pili wa kijiji, na huko naye alikuwa na nguruwe pori wake wa kufukuza.

Nilikaa kwenye shamba la shangazi siku tatu. Hakushuka nyani hata mmoja. Siku ya nne nilijificha kwenye korongo, nikamwacha shangazi peke yake na debe la kugonga. Walishuka kabla hajakaa vizuri. Siku ya tano alivaa koti na kofia ya marehemu mumewe. Nyani wakabaki juu ya mawe wakimtazama. Siku ya sita vilevile. Siku ya saba aliinama kung'oa gugu, na dume moja kubwa, lenye mabega kama ya ndama, likasimama, likamwangalia kwa muda, kisha likashuka taratibu na wengine nyuma yake. Shangazi alivua kofia akalitupia.

"Umeandika?" akanipigia kelele kule korongoni.

Nilikuwa nimeandika kweli. Nilikubali kilichotokea, lakini sababu yake sikuijua na mpaka leo siijui. Labda ni namna mtu anavyoinama. Labda ni harufu. Labda nyani wamejifunza ni nani hutupa jiwe likafika.

Lakini swali la shangazi halikuwa hilo. Msimu uliotangulia nyani walimwachia mtama usiofika hata nusu ya kihenge, ghala lake la nafaka, na mbwa wake akapasuliwa tumbo na dume hilohilo. Kihenge kilipobaki kitupu alianza kula kwetu. Baba hakumnyima kitu, wala mama hakusema neno. Hata hivyo niliona mwenyewe, siku ya kwanza niliyofika, jinsi alivyokuja na bakuli lake akasimama nje ya mlango mpaka alipoitwa, yeye aliyewahi kumbeba baba mgongoni mwake akiwa mtoto. Au ni baba aliyembeba yeye. Kila mmoja anadai alimbeba mwenzake.

"Mwaka huu sitaki kubisha hodi na bakuli," aliniambia tukirudi kutoka shambani. Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alikwenda moja kwa moja uani kwetu, mahali baba alipokuwa akisokota kamba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nyani wanasemaje?"

"Wanakusalimu. Kaka, nitengenezee upinde."

Baba aliendelea kusokota kano za ng'ombe juu ya paja lake. "Wa nani?"

"Wangu."

"Mwanamke hashiki upinde."

"Na nyani wanasema hivyohivyo."

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Alisokota mpaka mwisho wa kano, akaunga nyingine, akasokota tena. Halafu akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu kijana hana upinde," alisema. "Umri wote huu, hana upinde. Ni aibu yangu. Nitamtengenezea. Akirudi chuoni, vitu vyake ataviacha atakapopenda kuviacha."

Shangazi alishukuru, akaondoka haraka kabla baba hajabadili maneno. Ndivyo nilivyopata upinde nisiouhitaji.

Mti wenyewe ulikuwa tayari. Ulikuwa mkole ulionyooka ambao baba aliukata kwenye mahame yetu kabla ya kuhama, na tangu hapo ulikaa juu ya meko ukila moshi kwa zaidi ya mwaka. Aliuchonga kwa panga na tezo kwa siku tatu. Siku ya nne ulikuwa na umbo la upinde, na mimi nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Nguzo moja ya uani ilikuwa na panda. Baba aliulaza upinde pale kwenye panda, tumbo likiangalia chini, akanipa mimi kamba niivute kuelekea ardhini, kidogo tu, kiasi cha shubiri. Yeye akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja. Upinde mzuri hujikunja sawasawa pande zote mbili kutoka pale pa kushikia. Huu wetu ulijikunja upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Palipokuwa pagumu baba alipaka alama ya mkaa. Akakwangua pale kwa kigae cha chupa, mara kumi, akasugua kwa majani ya msasa, kisha akaniambia nivute mara ishirini kabla hajatazama tena.

"Kwa nini ishirini?"

"Mti bado haujasikia."

Hilo nililitafsiri kwa lugha yangu: nyuzi za mti zinahitaji muda kukaa katika hali mpya, na ukitazama mapema utadanganyika, utakwangua mahali pasipohitaji. Niliridhika. Nikaamua kuziweka kanuni za baba katika mafungu mawili, zile zenye sababu na zile zisizo na sababu. Usiachie kamba bila mshale: ina sababu, maana nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi kwenye mti na kuupasua. Usiuvute upinde mpya jua likiwa kali: ina sababu, mti mkavu wa mchana huvunjika. Usiusimamishe kwenye pembe ya nyumba, utundike: ina sababu. Mwanamke asiuguse wala asisogelee mahali unapochongwa mpaka ukamilike: hiyo niliiweka peke yake.

Siku ya sita pande mbili zilikuwa zimekaribia kulingana, na baba akautoa kwenye panda.

"Simama. Vuta mpaka sikioni."

Nilivuta. Ulikuwa mgumu lakini ulikuja.

"Unakufaa?"

"Baba, mimi nitaupiga wapi? Maktaba?"

"Nimeuliza kama unakufaa."

"Lakini atakayeutumia ni..."

"Natengeneza upinde wako," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekumbusha jambo lililokwisha kupatanwa.

Basi nikaona njia ni kudanganya kwa mwili. Nilivuta tena, safari hii nikaacha mkono utetemeke, nikaishia katikati, nikapumua kama mtu aliyebeba gunia. Baba alinitazama.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Huko chuoni hawawapi chakula?"

"Wanatupa."

"Basi vuta kama mtu aliyekula."

Nilitambua kwamba siwezi kuigiza nguvu za mtu mwingine bila kuzijua. Nguvu ni kitu kinachopimika. Kwenye ghala la kijiji kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano chini na sindano inayozunguka kwenye namba, ya kupimia magunia ya karanga. Nilikwenda kuiazima. Mtunza ghala aliniuliza ni ya nini. Nikamweleza ukweli.

"Unataka kumpima shangazi yako kwenye mizani ya karanga?"

"Si yeye. Nguvu zake."

"Utuletee namba tumwandike kwenye kitabu cha mazao," alisema, akanipa.

Niliifunga mizani kwenye mti nyumbani kwa shangazi, nikatia kitanzi cha kamba kwenye ndoano, nikamwambia avute kwa nguvu zake zote. Mimi nilisimama karibu na sindano ili nisome vizuri. Sindano ilipanda mpaka kilo thelathini na tatu, ikatulia hapo. Nilirudia mara tatu, kama tulivyofundishwa, nikapata namba zilizokaribiana sana. Nilifurahi kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Kumbe shangazi alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani!

Kesho yake nilipeleka mizani uani. Tuliulaza upinde kwenye panda, tukatia ndoano kwenye kamba, nikavuta mizani chini mpaka kamba ikafika umbali wa kuvuta hadi sikioni. Ilisoma thelathini na tano. Baba alichuchumaa akiiangalia sindano.

"Hiki chuma kinavutia bega gani?"

"Hakina bega, baba. Ndiyo uzuri wake."

Alikwangua kidogo kila upande. Nikavuta mara ishirini. Thelathini na tatu na nusu. Akakwangua tena. Thelathini na tatu.

"Hapohapo," nikasema. "Mkono wangu unataka hapa."

Baba alikuwa bado ameshika kigae. "Mimi ningetoa kidogo bado."

"Hapana, baba. Namba ndiyo hii."

"Mkono wako umeijuaje?"

"Nimeupima."

Aliutazama upinde, halafu akanitazama mimi. Najua sasa kwamba alikuwa akiufikiria mkono wa dada yake, ambao aliujua tangu utotoni, na kwamba hakuwa na njia ya kuutaja baada ya kusema upinde ni wangu. Aliweka kigae chini. Akaupaka upinde mafuta ya kondoo, akaupitisha juu ya makaa ili mafuta yaingie, akautundika. Baada ya siku mbili nilipewa rasmi, pamoja na mishale sita. Nilimshukuru, nikauchukua mpaka shambani kwa shangazi.

Aliushika kwa namna ambayo sikuitarajia, bila woga wowote, kama mtu aliyekuwa akiutazama ukivutwa tangu azaliwe na kungoja zamu yake. Akaweka mshale. Akavuta. Kamba ilifika katikati ya njia, ikakataa. Mikono yake yote miwili ilitetemeka. Aliuachia mshale, ukaruka ukaanguka mstari wa tatu wa mtama, ubavu chini.

"Jaribu tena, shangazi."

Alijaribu mara nne. Mshale wa mbali kuliko yote ungeweza kuokotwa bila kumaliza pumzi.

"Mwanangu," alisema, "umeniletea nira ya ng'ombe."

"Lakini ulivuta kilo thelathini na tatu! Mara tatu!"

"Nilivuta."

"Ulivutaje?"

Aliweka upinde chini, akanionyesha. Alishika kamba isiyokuwepo kwa mikono miwili, akainua mguu mmoja kama anayekanyaga shina la mti, akajitupa nyuma kwa mwili wote, kama anavyotoa ndoo kisimani. Siku ile mimi nilikuwa nikitazama sindano. Yeye sikumtazama.

"Hukuniambia nivute kama upinde," alisema. "Uliniambia nivute."

Juu ya mawe nyani walikuwa wamekaa. Mtama ulikuwa umeanza kutia maziwa kwenye suke, wakati ambao nyani huupenda kuliko wote. Mistari iliyokuwa karibu na mawe ilikuwa imekwisha kuvunjwavunjwa. Nilihesabu siku, nikaona nyani hawatatungoja tuchonge upinde mwingine. Hata wangengoja, mkole mkavu mwingine hatukuwa nao.

Nilirudi kwa baba nikasema mbele yake maneno ambayo sikuyapenda.

"Upinde umenishinda."

"Umekushinda wewe?"

"Umenishinda mimi."

"Vuta nione unapokushindia."

Hapo ndipo uongo wetu ulipokwama. Sikuweza kumwonyesha, kwa sababu mimi ningeuvuta mpaka sikioni. Nikamwambia wazi kwamba shangazi lazima aje asimame hapa, avute, na yeye atazame. Baba alikataa kwa kichwa. Nilimwuliza kwa nini mwanamke asiwepo upinde ukisawazishwa. Nilijiandaa kusikia habari za mizimu, na nilikuwa na majibu yangu tayari.

"Sijui," alisema. "Babu yako hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Wewe ndiye uliyezaliwa na maswali."

Majibu yangu yote yalikuwa ya mizimu. Nilimwacha.

Asubuhi yake, jua likiwa ndiyo kwanza limetoka, shangazi alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia yote. Hakuingia uani. Alisimama nje, upande wa mbele wa nyumba unaotazama barabara, pale ambapo kila nyumba ya mstari wetu ilipakwa chokaa kwa sababu tuliambiwa mkubwa fulani atapita. Hakupita, lakini chokaa ilibaki. Baba alitoka nje na mswaki mdomoni, akamwona dada yake amesimama na upinde mkononi.

Walisalimiana. Wakaulizana hali ya kulala, hali ya nyumba, hali ya mifupa. Halafu shangazi akasema, "Kaka, mkono wangu unaishia hapa," akauvuta upinde mpaka pale ulipomgomea.

Baba aligeuka. Nilidhani anarudi ndani kwa hasira. Lakini alikwenda hatua chache tu, akasimama akiutazama ukuta, mgongo kwetu, akatoa mswaki mdomoni.

"Mimi naona ukuta," alisema. "Msomi, leta kigae na msasa. Halafu vuta upinde wako."

Nilileta kigae. Nikanyoosha mkono niuchukue upinde kwa shangazi.

"Sikukwambia uje karibu na ukuta," baba alisema bila kugeuka. "Vuta hukohuko uliko. Jua likiwa mgongoni kwako."

Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza. Alisogea, akasimama ubavu, jua nyuma yake, akavuta. Kwenye chokaa, mbele ya macho ya baba, kikatokea kivuli cha upinde, kirefu na cheusi, kila mkunjo wake ukionekana wazi kuliko ulivyoonekana kwenye ile panda ya nguzo. Kilitokea pia kivuli cha kitenge na cha hereni. Baba hakuvizungumzia.

"Unavutia sikioni, msomi. Nani kakutuma sikioni? Vutia kifuani, chini ya bega."

Shangazi alishusha mkono, akavuta tena.

"Sasa nasikia pumzi inakatika kabla kamba haijafika. Mti una nguvu mno. Aliye na kigae akwangue pande zote mbili, kati ya pale pa kushikia na ncha, mara kumi kumi."

Mimi nikakwangua. Nilikuwa sijawahi kukwangua upinde maishani, na vidole vyangu vilikuwa vya kalamu. Nikasugua kwa msasa, nikampa shangazi.

"Ishirini," alisema baba.

Shangazi alivuta mara ishirini, akizihesabu kwa kunong'ona.

"Upande wa chini umelala. Wa juu bado una kiburi. Juu tu, mara tano, karibu na ncha. Pole pole! Nasikia unakwangua kama unaparua samaki."

"Nakwangua vizuri, baba."

"Wewe si unavuta? Anayekwangua ninamwambia mimi."

Shangazi alicheka mpaka akashindwa kuvuta. Nikamwona baba, kwa nyuma, mabega yakitikisika.

Watu walianza kupita kwenda shamba la kijiji. Walimkuta mzee anautazama ukuta, mwanamke anauvuta upinde, na mtu wa chuo kikuu amepiga magoti na kigae cha chupa. Mmoja alisalimia akauliza kulikoni.

"Namtengenezea mwanangu upinde," baba akamjibu akiwa ameutazama ukuta vilevile.

"Naona," alisema yule mtu, akapita.

Tulikwangua mara saba au nane. Kila mara kivuli kikawa cha mviringo zaidi, na kila mara mkono wa shangazi ukafika karibu zaidi na bega. Jua lilipopanda, kivuli kikaanza kushuka ukutani na kuingia ardhini. Hapo baba akasema basi, kwa leo mti umesikia vya kutosha, na jua limeanza kuwa kali. Kesho yake tulirudia kwa muda mfupi. Mara ya mwisho kabisa shangazi alivuta, akatulia, kamba ikiwa imegusa chini ya bega lake, na hakutetemeka. Kivuli kilikaa kimya ukutani kwa muda wa kuhesabu mpaka tano.

"Unakufaa?" baba akauliza ukuta.

"Unanifaa," alisema shangazi.

Baba aliitikia kwa kichwa, kama kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Kisha akaniita ndani, akanipa kisu nipunguze mishale. Mshale wa mtu hupimwa kutoka kifuani mpaka ncha ya vidole vyake, na hii sita ilikuwa mirefu kwa upana wa vidole vinne. "Punguza vinne," alisema. Nilimwuliza amejuaje ni vinne bila kumpima mtu. Alinisogezea mshale wa pili.

Baadaye niliufunga upinde kwenye mizani kabla ya kuirudisha ghalani. Ilisoma kilo kumi na tisa.

Siku tatu zilizofuata shangazi alifanya mazoezi akilenga boga bovu, ndani ya korongo nyani wasimwone. Siku ya nne tulikwenda shambani mapema, umande ukiwa bado kwenye majani. Nilitaka kuona lakini sikutaka kuwafukuza nyani kwa kuwa mwanamume, kwa hiyo shangazi alinifunga kitenge kiunoni na khanga kichwani, akaniambia nikae chini kati ya mistari na nisiinuke.

"Na usikohoe kiume," akaongeza.

Walishuka jua lilipogusa mawe ya juu. Dume lilikuwa mbele. Lilitukagua sote wawili, mimi na shangazi, na sijui liliona nini kwangu, lakini lilikuja. Lilifika mstari wa kwanza uliobaki na masuke, likakaa kwa makalio kama mgeni aliyekaribishwa, likavuta bua kulipinda. Shangazi alisimama. Halikujali. Aliweka mshale, akavuta mpaka chini ya bega, akaachia. Mshale ulipita juu ya kichwa cha dume ukagonga jiwe. Dume liligeuka kuangalia ile sauti, halafu likamgeukia shangazi, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote.

Ningeinuka wakati ule. Ninakiri kwamba sikuinuka kwa sababu miguu ilikuwa imenaswa na kitenge, si kwa sababu ya ujasiri au utafiti.

Shangazi hakurudi nyuma. Aliweka mshale wa pili, akavuta palepale, akaachia. Ulilipata dume kwenye paja. Lilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama, likaruka, likaanguka, likapanda mawe kwa miguu mitatu na mshale ukining'inia. Kundi zima liliondoka kwa kelele. Mawe yakabaki matupu.

Shangazi alikaa chini. Akaweka upinde magotini, akahesabu mishale iliyobaki.

"Mshale wa baba yako umekwenda nao," alisema.

Siku tano hawakuonekana. Siku ya sita walitokea upande mwingine wa kilele, bila lile dume, wakamwona shangazi, wakakaa juu. Aliwaonyesha upinde tu. Hawakushuka. Katika daftari langu niliandika kwamba huenda waliogopa upinde, huenda walimwogopa shangazi, au huenda mahindi ya jirani yalikuwa yamekomaa na walikuwa wameshiba. Nikamwuliza shangazi yeye anadhani ni lipi.

"Nikusaidie kudhani na huku mtama unaniiva?" alisema. "Shika mundu."

Tulianza kuvuna na mistari ya karibu na mawe, yale masuke yaliyosalia, hata yaliyokuwa bado na ubichi kidogo. Tukayaanika juu ya mwamba. Tukapura, tukapepeta. Baba alikuja siku ya mwisho na punda wa kuazima, akabeba magunia mpaka kwa dada yake bila kusema mengi, kisha akarudi kwa nguruwe pori wake. Mimi nilipanda juu nikaumimina mtama kwenye kihenge. Ulifika karibu na shingo. Haukujaa, kwa kuwa sehemu ya karibu na mawe ilikuwa imekwisha kuliwa kabla, na siku zile nilizozipoteza kwa mizani zilikuwa na masuke yake pia.

Shangazi alikanda udongo na samadi, akapanda hatua chache chini yangu, akaufunika mdomo wa kihenge, akausawazisha kwa kiganja. Nikamwuliza kama kitamfikisha msimu ujao bila bakuli.

"Kitanifikisha mpaka mvua," alisema. "Mvua ikichelewa hakitanifikisha. Shuka sasa, unanimwagia vumbi."